Okota Dagaa: Kumbukumbu za Mshika Kamba wa Kasingirima

Wadogo zangu, shikamoo zenu wekeni kwanza, sijazeeka kiasi hicho. Lakini kaeni hapo mchangani mnisikilize vizuri, maana mnaongea na mstaafu.

Mnacheka nini? Mstaafu si mtu aliyefanya kazi moja miaka na miaka, mwili ukakataa, akaacha? Basi ndo mimi. Nimeshika kamba tangu niko la pili mpaka nilipomaliza la saba, na niliacha kwa sababu nilikuwa nimerefuka hadi ukinizungushia kamba inanikata shingo. Kiinua mgongo sikupewa. Nilipewa kovu hili la goti na jina. Mpaka leo nikipita Kasingirima kuna wenzangu wana watoto wao mgongoni, wananiita Shani Kamba kwa sauti, mbele ya wachumba. Sasa hivi nasuka nywele pale Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, karibu na mafundi cherehani, na mkono ni uleule. Wateja wanasema navuta sana. Nawaambia kavuteni nanga ya mtumbwi mje mniambie habari ya kuvuta.

Nimewaita kwa sababu jana nimewaona mnaruka. Jamani. Ile ni kamba au mnaanika nguo?

Tuanze na kamba yenyewe. Ya katani achaneni nayo. Ikilowa inakuwa nzito kama ng'ombe aliyelala, ikikauka inakuchubua. Mpira wa ndani wa baiskeli unavutika, mwenzio anazungusha huku, huku bado haijafika habari. Kamba yetu sisi ilikuwa nailoni ya wavuvi, ile wanayoitupa ikishaanza kuchomoka nyuzi. Ni nyepesi, haiumi. Shida yake moja: upepo wa ziwa ukija mchana inaruka juu, inakataa kushuka. Dada Tausi, aliyenifundisha mimi kazi, alikuwa anafunga kitambaa cha kanga kuukuu pale katikati. Kitambaa kinaipa kamba uzito, halafu kinasugua mchanga: shaa, shaa, shaa. Ule mlio ndo saa yako. Unaweza kufumba macho ukaingia kwa kusikiliza tu.

Dada Tausi alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Siku ya kwanza nilizungusha kwa bega, nikazungusha, nikazungusha, jioni nikashindwa kuinua kijiko. Yeye akaja kunitazama nyumbani, akanikuta nakula kwa mkono wa kushoto, mama ananigombeza.

"Mwache mama Shani," akasema. "Leo kajifunza kwamba ana kiwiko."

Basi ndo hivyo. Zungusha kwa kiwiko, bega lipumzike. Na ukizungusha usimwangalie anayeruka usoni, uso una maigizo mengi. Angalia visigino. Kisigino kikianza kuchelewa, huyo anaanguka muda si mrefu, jiandae kucheka. Na wewe unayeingia: subiri kamba iguse chini ianze kukukimbia, hapo ndo uifukuze. Ukiingia wakati inakuja, itakulamba shavu, na utakwenda nyumbani na mchoro.

Sasa nyimbo.

Mtu mzima akikuuliza nani kakufundisha wimbo wa kamba, unamwambia hakuna, na yeye anadhani unaficha. Lakini kweli hakuna! Binamu anakuja likizo toka Kasulu, anakuja na wimbo. Shule ikifunguliwa binamu anarudi, wimbo unabaki. Watoto wa mtaa wa Rusimbi wanatuibia, wanaugeuza, halafu wanatuimbia sisi kwa majivuno kama wametunga wao. Wimbo wetu mmoja ulikuwa wa dagaa, wao wakatia migebuka, wale samaki wakubwa. Eti migebuka! Nikawauliza, migebuka mingapi inaingia ndoo moja, nyie? Tulikosana wiki nzima. Wengine wetu, bibi zao wanaongea Kiha nyumbani, wengine wazazi wao walivuka kutoka Burundi, kwa hiyo mkihesabu unasikia moja, mbili, huku mwingine yuko rimwe, kabiri, gatatu, na kamba inazunguka ileile, na hakuna aliyejikwaa kwa sababu ya hesabu. Watu wa rede walikuwa na nyimbo zao upande ule, wanajaza chupa mchanga huku wanakwepa mpira. Watoto wa kiume walikuwa na chandimu na gololi, wao wimbo wao ulikuwa matusi tu.

Lakini mfalme wa nyimbo zote Kasingirima, nyie mnaujua. Ulikuwepo kabla sijazaliwa. Dada Tausi aliukuta, na waliomtangulia waliukuta.

Bi Mwavita, Bi Mwavita,
ndoo kichwa, guu mbao,
mbao telee... pwaa!
Dagaa hao, kwao!
Okota! Mmoja, wawili, watatu...

Pale kwenye *pwaa* unachuchumaa, viganja vinagusa chini, kamba inapita juu ya kichwa chako. Kwenye *okota* unanyanyuka, unaanza kuokota dagaa, kila mruko dagaa mmoja, mpaka kumi. Wengi wanafia kwenye kunyanyuka.

Mimi nikiwa mdogo nilijua Bi Mwavita si mtu. Nilijua ni kitu cha kwenye wimbo tu, au jini la ziwani, mwanamke wa maji anayebeba ndoo. Sasa siku moja mama kanituma mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua dagaa. Nimefika, wanawake wameanika dagaa zao mchangani, zinang'aa kama misumari. Mimi naruka peke yangu kwa kamba ya hewani, naimba kwa sauti ya juu. Nimefika *pwaa*, nimechuchumaa, naona miguu ya mtu mbele yangu. Mwanamke mpana, amejishika kiuno.

"Unamwita nani, mwanangu?"

"Simwiti mtu. Naimba tu."

"Unamjua huyo unayemwimba?"

"Ni jini."

Wale wanawake wengine waliangua kicheko hadi mmoja akakaa chini. Yule mpana hakucheka. Akanipa fagio la chelewa.

"Haya. Jini anasema geuza dagaa zote hizo, upande wa juu uende chini. Na ukikanyaga hata mmoja, nakuja kukuimba wewe."

Niligeuza dagaa mpaka jua likaenda Kongo. Ndo siku niliyojua kwamba ndani ya wimbo kulikuwa na mtu, na mtu mwenyewe ana mikono mikubwa.

Baada ya hapo tuliendelea kuimba. Sasa tungefanyaje? Wimbo ulikuwa mtamu. Tulikuwa tunaimba kwa sauti ya chini tukiwa karibu na mwalo, basi.

Sasa niwarudishe juzijuzi, maana hii ndo sababu ya kuwakalisha hapa.

Nipo kibandani kwangu Mwanga, nina mteja kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama wima kama kimeona polisi. Anaingia Bi Mwavita. Miaka yote hiyo, mikono ileile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. We ndo Shani wa kamba?"

"Ndo mimi. Karibu ukae. Tukusuke ule mtindo wa twende kilioni?"

"Kilioni nishafika, nywele zangu ziache. Nimekuja kwa ule wimbo."

"Wimbo gani, bibi?"

"Usinifanye mjinga. Wimbo wangu."

Mteja wangu akageuza kichwa chote kusikiliza, nikamrudisha kwa kitana.

"Mimi wameniimba nimezoea," Bi Mwavita akasema, amekaa sasa kwenye kiti cha kusubiria. "Napita, wanaimba, nawaangalia, wanakimbia, basi. Lakini nina mjukuu, Nuru. Nimemlea tangu aache kunyonya. Mwaka huu kaanza la kwanza. Kufika shule, watoto wamejua bibi yake ni nani. Mapumziko kamba inatoka, na wimbo ni huo. Hawamgusi. Wanaimba tu, wakifika *pwaa* wote wanamgeukia."

"Mh."

"Kila asubuhi tumbo linauma. Nikimsukuma anatoka, hafiki. Juzi nimemkuta kajificha ndani ya mtumbwi uliofungwa, kajilaza chini, maji yanautikisa. Mtoto mwenyewe hajui kuogelea. Mama yake, binti yangu, yuko Uvinza. Kapata habari. Kapiga simu, kasema kama huko hasomi, mwisho wa mwezi anakuja kumchukua."

Hapo hata mteja aliacha kujitazama kwenye kioo.

"We ulikuwa mkubwa wao," Bi Mwavita akaniambia. "Uondoe ule wimbo."

Nikasema sawa, bibi. Nilisema haraka kama mtu anayeahidi kurudisha sahani ya jirani. Mstaafu naitwa kazini! Nilijiona mkubwa sana.

Jioni hiyohiyo nikaenda uwanjani Kasingirima, pale penye mchanga nyuma ya nyumba. Kamba ilikuwa inazunguka. Mkubwa wao wa sasa ni Debora, la tano, mrefu, wazazi wake walikuja toka Burundi zamani, na mkono wake nilivyouona tu nilisema huyu ni wa kazi. Kiwiko safi. Nikasimama katikati, nikakohoa kama diwani.

"Kuanzia leo wimbo wa Bi Mwavita ni marufuku. Una mwenyewe na anaumia. Mmenielewa?"

"Ndiyo dada Shani," wakajibu wote, vizuri kabisa, kwa pamoja.

Nikageuka kuondoka. Sijafika kwenye kona:

Dada Shani, Dada Shani,
suka huko, huku nini?
Kitana telee... pwaa!

Na mbaya zaidi, kuna wengine walikuwa hawajui kabisa kwamba wimbo una mwenyewe. Mimi nikawa nimewatangazia. Kesho yake shuleni macho yaliyomgeukia Nuru yalikuwa mengi kuliko ya jana. Bi Mwavita alinitumia salamu kwa muuza maandazi. Sizirudii hapa, mna wazazi.

Nikasema, kosa langu ni kutoa bila kuweka. Ukimpokonya mtoto kitu, mpe kingine. Nikatunga. Nilitunga siku nzima huku nasuka, mteja mmoja nikamsuka mistari ishirini badala ya kumi na miwili kwa ajili ya kuhesabu mizani. Nikawapelekea:

Tumpongeze mama mchapakazi,
anayejituma kutunza familia,
tumuige bidii na uadilifu...

Debora alisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu yule. Akaizungusha kamba, akaingiza mtoto mmoja. Kwenye *mchapakazi* yule mtoto miguu ilifungana. Akaingia wa pili, akajikwaa kwenye *anayejituma*. Wa tatu alikataa kuingia.

"Oya, dada," Debora akasema. "Huu ni wimbo wa mgeni rasmi."

"Una ubaya gani?"

"Hauna pa kukanyaga. Maneno marefu. Mguu ushashuka, neno bado linakuja."

Nilitaka kubisha, lakini nilikuwa najua. Dada Tausi angenichapa na kamba yenyewe. Neno la kamba lazima litue wakati kisigino kinatua. *Ndoo, kichwa, guu, mbao.* Tap, tap, tap, tap. Umri umenisahaulisha kazi, wadogo zangu. Ukianza kutunga nyimbo zenye neno "uadilifu" ujue kweli umestaafu.

"Halafu dada," Debora akaendelea, "wimbo hautolewi hivyo. We unajua sheria. Kama unataka kuugeuza, weka mkia."

Kwa wale wageni kati yenu, niwaeleze mkia. Wimbo wa kamba haufutwi na mtu, hata mwalimu mkuu. Lakini ukiruka wimbo mzima, ukaanguka *pwaa* vizuri, ukaokota mpaka kumi bila kugusa kamba, una haki ya kuongeza maneno mwishoni. Ndo mkia. Wanaujaribu palepale. Mtu akijikwaa kwa sababu ya mkia wako, umekufa hapohapo, hakuna rufaa. Ukirukika, ni wa wote, na hakuna anayeruhusiwa kuukata. Wimbo wa Bi Mwavita ulikuwa haujapata mkia tangu sijui lini, maana ile kumi ni ngumu. Na mimi miaka yangu yote sikuweka, kwa sababu mshika kamba haruhusiwi mkia. Anaweza kuwapunja wenzake kwa makusudi ili aweke wa kwake.

"Lakini sasa mimi siyo mshika kamba tena," nikamwambia Debora. "Niingie?"

Wakafurahi sana. Nilipaswa kujiuliza kwa nini wanafurahi. Nikavua kandambili, nikafunga kanga, nikaingia vizuri kabisa, *ndoo kichwa, guu mbao*, mwili unakumbuka! *Pwaa*, nikachuchumaa. Kunyanyuka ndo kukawa na mjadala. Goti moja liliitikia, la pili likaomba muda. Kamba ikanipiga kisogoni, nikaenda mbele kwa miguu minne. Kuna katoto kalicheka mpaka kakapata kwikwi.

Debora akaja kuninyanyua. "Pole dada," akasema, halafu kwa sauti ya chini: "Aingie Nuru mwenyewe. Mimi nitamzungushia sawa. Sitampunja."

Basi nikawa nashuka Kasingirima kila nikifunga kibanda. Bi Mwavita ana ua nyuma, lina nguzo ya kamba ya nguo. Tukafunga ncha moja pale, nyingine nikashika mimi. Nuru ni kadogo, kana mapengo mawili mbele, kanatembea kando ya ukuta kama paka wa wageni. Nilidhani nitaanza naye mwanzo kabisa. Wapi! Mtoto aliingia mara ya kwanza bila kuguswa. Alikuwa amesikiliza ule wimbo mwezi mzima akiwa kajificha. Mdundo wote alikuwa nao mwilini. *Bi Mwavita, Bi Mwavita, ndoo kichwa, guu mbao, mbao telee...*

Akasimama. Kamba ikamgonga miguuni.

Tukarudia. Akasimama palepale. Mara ya tatu palepale.

"Nuru, hapo unachuchumaa."

"Sianguki."

"Siyo kuanguka, ni kuchuchumaa tu."

"Ni kuanguka," akasema, anaangalia chini. "Ni bibi."

Bi Mwavita alikuwa kibarazani anapepeta dagaa kwenye ungo, anatoa mawe. Akauweka ungo chini.

"Nani kakwambia nilichuchumaa?"

Nuru akanyanyua macho.

"Hao wanavyochuchumaa wanakosea. Mimi sikuchuchumaa hata kidogo." Akasimama katikati ya ua. "Ubao wa kushukia mtumbwini ulikuwa umelowa, una magamba ya samaki. Nina ndoo hapa kichwani. Mguu huu ukaenda Kongo, huu ukabaki Kigoma." Akatanua miguu kuonyesha, kanga ikalalamika. "Ndoo ikaenda juu, mimi nikaenda chini, maji ya magotini. Nikatua hapa." Akajipiga makalioni, paa! "Wavuvi walicheka mpaka wakaacha makasia yaelee."

Nuru kicheko kilimtoka bila ruhusa, akaziba mdomo.

"Uliumia, bibi?"

"Kukaa ilikuwa shida. Nilikuwa nakula nimesimama kama farasi."

"Ulilia?"

"Nilikuwa nimeshalowa mwili mzima," Bi Mwavita akasema. "Nani angejua?"

Akarudi kwenye ungo wake, akaendelea kutoa mawe kama hajasema kitu. Nuru akanigeukia. "Zungusha, dada."

Nikazungusha. Kwenye *pwaa* alishuka mpaka chini kabisa, viganja vyote viwili, vumbi likaruka.

Siku ya siku ilikuwa Ijumaa, baada ya shule. Bi Mwavita hakuja uwanjani. Alisema ana dagaa wa kugeuza. Dagaa wenyewe walikuwa wamekauka tangu saa sita, lakini nilimwacha. Njiani nikamnong'oneza Nuru mkia niliomtungia, mfupi, wa heshima, nimejifunza. Akaitikia kwa kichwa.

Tulipofika, kamba ikasimama. Kuna waliokuwa wameanza kuvutana nguo, si mnajua jinsi mnavyofanya.

"Nuru anaingia," Debora akasema.

"Nuru wa *pwaa*?" mmoja akadakia, wengine wakacheka.

"Ego, ndiyo huyohuyo. Funga mdomo, shika upande ule."

Kamba ikaanza. Shaa, shaa. Nuru akasubiri, ikamkimbia, akaifukuza. Ndani! Wakaimba, na waliimba kwa nguvu kuliko kawaida, makusudi. *Mbao telee...* Wote wakamgeukia, wanasubiri aaibike. Nuru akaipokea ile *pwaa* mdomoni mwao. Aliipiga yeye, kwa sauti iliyoshtua kuku, akaanguka kwa fujo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuona kwenye uwanja ule. Nimeona wengi. Akanyanyuka. Mmoja. Wawili. Watatu. Debora anahesabu kwa lugha ya kwao, kane, gatanu, kiwiko kimetulia, hapunji wala hapendelei. Mimi naangalia visigino. Kwenye saba kisigino kikachelewa. Kwenye nane kitambaa cha katikati kikamlamba kifundo cha mguu.

"Kagusa!" akapiga kelele yule wa upande wa pili.

"Oya!" Debora hakusimamisha mkono. "Kimegusa kitambaa. Kitambaa siyo kamba!"

Mimi kama mstaafu nilikuwa na maoni yangu kuhusu sheria hiyo. Niliyameza.

Kenda. Kumi.

Nuru akatoka anahema, mikono magotini. "Mkia," Debora akasema.

Nikamwangalia Nuru, midomo yangu inamsaidia kuanza ule wa kwangu, wa heshima. Mtoto hata hakunitazama. Akajifuta pua kwa mkono, akasema:

Kaibuka, kaibuka,
dagaa kanga tele,
chungu moto, harufu hiyo,
omba mchuzi... wewe!

Na kwenye *wewe* akanyoosha kidole moja kwa moja kwa Debora. "Nikikuonyesha, ndo unaingia wewe. Mimi natoka."

Waliangaliana. Kisha yule aliyesema *Nuru wa pwaa* akaanza kucheka, kicheko kingine hiki, cha mtu aliyekwishaona nani atamnyooshea kidole. Debora akanitupia ncha ya kamba, "Shika dada!", akajipanga kuingia. Nikashika. Mstaafu karudishwa kazini bila barua. Tukaimba wimbo wote, Debora akaanguka, akaokota, akafika mkia, *chungu moto, harufu hiyo*, kila neno na kisigino chake, akanyoosha kidole, *wewe!*, na yule aliyenyooshewa akaruka ndani huku anapiga kelele kwamba yeye hajawahi kuomba mchuzi kwa mtu. Akatoka yeye, akamnyooshea mwingine. Hakuna aliyejikwaa. Hakuna aliyebaki bila kuomba mchuzi.

Mkia ukawa umekubaliwa.

Msikae roho juu: mama yake Nuru hakuja kumchukua. Jumatatu mtoto aliamka, tumbo halina habari, akatoka mbele ya bibi yake, daftari zinamgonga mgongoni. Siku hizi shida ni kumrudisha. Lakini nataka niwamalizie Ijumaa ileile.

Nilishuka mwaloni mbio nimpelekee Bi Mwavita taarifa, na nikakuta nimechelewa. Wimbo ulikuwa umefika kabla yangu. Watoto wanaoteka maji walishaupokea, wanauimba huku wanajaza madumu, wananyoosheana vidole, *omba mchuzi, wewe!* Bi Mwavita alikuwa amesimama katikati ya dagaa zake na fagio mkononi, hageuzi chochote. Anasikiliza.

"Shani. Huo mkia kaweka nani?"

"Nuru."

"Kafika kumi?"

"Kafika, bibi."

Akasikiliza tena. Wale watoto walikuwa wamerudia mwanzo.

"Mchuzi," akasema. "Ile ndoo hata haikuwa yangu, nilikuwa namhamalia mtu. Sikuokota hata dagaa mmoja. Jioni ile tulikula ugali na chumvi. Mama yake Nuru, kadogo vile, ananiuliza, mama, mboga iko wapi?"

Mimi nikakosa pa kuweka mikono. "Basi, bibi, niwaambie waugeuze? Debora ananisikiliza kidogo sasa."

Bi Mwavita akaniangalia kama nimekanyaga dagaa zake zote.

"Thubutu," akasema. "Waache watoto wale mchuzi."